Mbwa Aliketi Mbele ya Shemeji

Jumanne, 14 Aprili 1998. Siku ya nne tangu niondoke nyumbani.

Mvua na upepo. Asparaga, mboga tunayokuja kukata, bado imelala chini ya matuta, haijataka kuamka. Bosi, Bwana Zehetner, anatembea huko shambani mikono nyuma kama mtu ambaye mkewe yuko chumba cha kujifungulia, halafu anarudi ndani. Sisi tumekaa chumbani tunanoa visu vilivyokwisha nolewa.

Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Austria. Kwa shemeji Simion, mume wa dada yangu Anuța, ni wa kwanza. Mimi ndiye niliyemsemea kwa Bosi: mtu wa kazi, hanywi, mgongo wake mzima. Kila mwaka Bosi anapeleka ofisi ya vibali vya kazi majina ya watu anaowataka, na ambaye jina lake halikupelekwa anabaki kwetu Maramureș, Romania, kutazama milima. Simion ana nyumba isiyo na paa. Yeye, dada yangu na watoto wamejazana kwa mama yangu. Msimu huu ni wa paa, unaokuja ni wa madirisha. Ndivyo alivyopanga, na mimi nilimwambia mpango mzuri.

Usiku miguu haitulii. Naihamisha huku, naihamisha kule. Kitanda ni kilekile cha mwaka jana.

Jumatano, 15 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 16 Aprili

Leo tumekata kidogo. Jioni, baada ya kuosha na kuchambua, nilimwambia Simion asiende kulala. Alhamisi saa mbili na robo hapa halali mtu. Ni siku ya Hektor.

Hektor ni mbwa wa polisi wa Vienna, wa kwenye televisheni. Anamsaidia Inspekta kukamata wauaji. Akishampata mhalifu habweki wala hang'ati. Anakwenda, anaketi mbele yake, anamtazama. Basi, mtu anaanza kutetemeka na kusema yote.

Televisheni iko kwenye rafu ndani ya banda la kuchambulia, juu ya mabeseni. Aliiweka hapo Bibi Poldi, mama yake Bosi, kwa sababu msimu mzima yeye anashinda bandani akimenya asparaga zilizovunjika. Majirani wanakuja na mito yao ya kukalia. Gerti wa posta anakaa mbele. Bwana Pfandler, askari mstaafu, anakaa nyuma kabisa ili apate watu wa kuwalalamikia. Erwin, mume wa dada yake Bosi, ndiye anayepanga viti. Erwin ndiye mtu ninayempenda kuliko wote hapa. Anaendesha trekta, ni naibu mkuu wa zimamoto ya kijiji, na mwaka wangu wa kwanza alinifundisha Kijerumani kwa kunionyesha kitu kimojakimoja kama mtoto.

"Huyu si Hektor wa mwaka jana," Bibi Poldi alisema kabla hata jina la kipindi halijaisha. "Tazameni sikio la kushoto. Wametubadilishia."

"Mama mkwe, mbwa anakua," Erwin akasema.

"Mbwa anakua, sikio halihami."

Gerti yeye hajali mbwa. Anachotaka ni Inspekta amuoe yule daktari anayepasua maiti. "Miaka mitatu anamwangalia tu. Mwanamume gani huyu? Mbwa wake anafanya uamuzi haraka kuliko yeye."

"Na nyumba yake je?" Pfandler akadakia kutoka nyuma. "Vyumba vinne katikati ya Vienna, kwa mshahara wa polisi! Mimi nimevaa sare miaka thelathini. Kituoni kwetu tulikuwa na mbwa. Aliuma watu wawili tu maisha yake yote, na wote wawili walikuwa sisi."

"Nyamaza bwana wewe, unatuharibia!"

"Siharibu, naeleza ukweli. Mbwa ni tumbo lenye miguu minne."

Nilikuwa namtafsiria Simion masikioni. Alitazama mpaka mwisho, akaniuliza kitu kimoja: "Huyu mbwa mbona hata kwenye mvua halowi?" Nikamtafsiria Bibi Poldi. Alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Akasema shemeji yako ana macho, aje kila wiki.

Jumapili, 19 Aprili

Leo ni Pasaka yetu. Ya kwao imepita wiki iliyopita, kwa hiyo leo kwao ni Jumapili ya kawaida, na asparaga haingoji Jumapili. "Kristo amefufuka," Simion aliniambia kutoka tuta la pili akiwa ameinama. "Kweli amefufuka," nikamjibu, nikakata.

Jumanne, 21 Aprili

Simion amepata rafiki. Burschi, mbwa wa hapa, mzee wa rangi ya tope anayelala chini ya trekta. Kila mchana Simion anamkatia ngozi ya ile nyama ya nguruwe ya moshi tuliyotoka nayo nyumbani. Anaibeba mfukoni, imefungwa kwa kitambaa. Nilimwambia, shemeji, utanuka nguruwe mpaka Juni. Akasema afadhali ninuke nguruwe nijue niko hai, kuliko kunuka asparaga.

Alhamisi, 23 Aprili

Joto limeanza. Tumekata mara mbili, alfajiri na jioni. Mgongo wangu unaniambia umri wangu.

Hektor wa leo alianza kukamata mapema. Saa mbili na dakika ishirini na tano wakamkamata mpishi, mgeni, mtu wa huko kwetu mashariki. Gerti akapumua: "Masikini, si yeye huyo."

"Umejuaje?" Simion akauliza kupitia kwangu.

"Wa kwanza huwa si yeye," Bibi Poldi akajibu, wala hakuinua macho kwenye beseni. "Angekuwa yeye, saa mbili na nusu tungekwenda kulala."

Kweli hakuwa yeye. Alikuwa mwalimu wa piano.

Bosi hatazami Hektor, ana kazi. Lakini kila Alhamisi saa kama hiyo anahitaji kreti fulani ndani ya banda, na kuitafuta kunamchukua mpaka saa tatu, amesimama mlangoni.

Jumatatu, 27 Aprili

Joto. Usiku nalala nasikia kama asparaga inasukuma udongo. Najua haisikiki. Naisikia.

Alhamisi, 30 Aprili

Leo ni usiku wa Mtakatifu Filipo. Kila mwaka usiku huu watu wa zimamoto, watu wazima kabisa wenye watoto, wanapita kijijini kama wezi. Kitu chochote cha nje ambacho hakikufungwa kwa kufuli kinahamishwa: mageti, mabenchi, mikokoteni. Asubuhi ya Mei Mosi unakwenda uwanjani kutafuta vyako, unacheka, unawanunulia bia. Kufikia adhuhuri kila kitu lazima kiwe kimerudi. Ndiyo sheria yao, na wanaishika kuliko sheria za serikali.

"Fungeni baiskeli zenu," Erwin alituambia akikunja viti baada ya Hektor. "Sisemi zaidi. Mimi sijui lolote." Akanikonyeza.

Kipindi cha leo kilikuwa kibaya. Mhalifu alikuwa jirani mpole aliyewaletea polisi keki. Pfandler alisema hata mtoto wa chekechea angemjua.

Ijumaa, 1 Mei

Kelele na vicheko tangu asubuhi. Geti la Pfandler limeegemezwa kwenye mlango wa kanisa. Toroli zimefungwa pamoja kama treni kuzunguka mti wa Mei, ule mlingoti wa sherehe uwanjani. Kreti zetu zimepangwa kituo cha basi kama watu wanaosubiri safari. Hata Bosi alicheka, na mimi sijawahi kuyaona meno yake.

Kisha Bibi Poldi akafungua banda. Rafu ilikuwa tupu. Kile kitambaa cha maua alichokuwa akifunikia televisheni kilikuwa sakafuni.

Mara ya kwanza alicheka. Akatoka, akaenda uwanjani, akazunguka mti wa Mei. Akatazama kituo cha basi. Akamwuliza Erwin, Erwin akasema, "Sisi hatukugusa, mama mkwe. Televisheni? Tuna akili." Saa sita ikafika, saa saba. Vitu vyote vikawa vimerudi kwa wenyewe isipokuwa hicho. Hapo vicheko vikakauka. Nilianza kusikia neno "wageni" likipita pembeni yangu.

Jumamosi, 2 Mei

Nitaandika yote.

Tulipotoka shambani saa nne, watu walikuwa wamejaa uani. Gerti na baiskeli yake ya posta. Pfandler na koti lake la zamani. Bosi katikati, na pembeni yake Erwin akiwa na kile kitambaa cha maua.

"Twende taratibu," Erwin alikuwa akisema kwa ile sauti yake ya upole. "Hatumshuku mtu yeyote. Mwache Burschi anuse kitambaa, apite, basi. Hakuna atakayeumia."

Nilidhani ni mzaha. Nilimtazama Pfandler, nikingoja aseme ile habari ya tumbo lenye miguu minne. Alikuwa anafunga vifungo vya koti. Wakatupanga mstari, sisi wawili na Waslovakia wanne tunaokata nao, kofia mikononi. Wale Waslovakia walikuwa wanacheka kwa sauti ndogo. Simion aliniuliza, "Kuna nini, shemeji? Wanapima afya?"

Burschi alinusa kitambaa kwa sababu Erwin alikibandika puani kwake. Akapiga chafya. Akawapita Waslovakia, akarudi nyuma, akakojolea gurudumu la trekta. Watu wakaanza kutabasamu. Halafu akaja moja kwa moja kwa Simion. Akaketi mbele yake. Akamtazama.

Gerti alishika mdomo. Najua nyuso zile. Ni zile za Alhamisi, wote wameinama kidogo mbele.

"Anataka chakula!" nilipiga kelele. "Bosi, anampa ngozi ya nguruwe kila mchana. Mfuko huu hapa, angalia!" Nikatoa kile kitambaa cha nyama mfukoni mwa Simion. Burschi akainua mguu mmoja wa mbele, akaomba. Nani asingeona?

"Mbwa ni mbwa," Pfandler akasema. "Hana sababu ya kudanganya." Yeye! Wiki zote amekuwa akimcheka yule wa kwenye televisheni, leo anamwamini huyu aliyekojolea trekta.

"Wewe ni shemeji yake, Gavrila," Bosi akaniambia. "Lazima utamtetea."

"Mpekueni basi! Televisheni inaingia kwenye begi?"

"Inaingia kwenye gari la mtu. Inauzwa." Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonikata maini, hakuwa na hasira hata kidogo. "Sisemi ni yeye. Sisemi. Lakini siwezi kukaa na mtu ambaye kijiji kizima kinamtazama. Jumamosi ijayo kuna basi. Nitamkatia tiketi mimi mwenyewe."

Simion alikuwa ananivuta mkono. "Anasema nini? Shemeji, anasema nini?" Nikamwambia. Akamtazama mbwa, si Bosi. Akavunja kipande cha ngozi, akampa.

Hapo ndipo Bibi Poldi alipotoka bandani, aproni imelowa, kisu cha kumenyea mkononi.

"Alois," akamwita mwanawe. "Wa kwanza si yeye."

"Mama, rudi ndani."

"Wa kwanza hajawahi kuwa yeye. Miaka yote ninayotazama, hata mara moja. Umemkamata mtu kipindi hakijafika hata nusu!"

"Mama, hii si televisheni."

"Basi mbwa umemleta wa nini?"

Hakuna aliyecheka. Bosi uso ulimwiva. Kisha akasema tiketi ni ya Jumamosi, akaingia ndani, na Erwin akamfuata, akikunjakunja kile kitambaa.

Jumapili, 3 Mei

Waslovakia hawakai mezani na Simion. Naye hataki kukaa na mimi. Alikaa chini ya trekta na Burschi mpaka giza.

Jumatatu, 4 Mei

Joto. Tumekata mara mbili.

Jumanne, 5 Mei

Joto zaidi. Erwin ametuletea maji baridi shambani. Simion alimwaga yake kwenye udongo. Nilimkemea: huyu peke yake ndiye anayetujali. Akaendelea kukata.

Jumatano, 6 Mei

Nilikwenda kwa Bosi usiku, kofia mkononi, nikamwomba. Nikasema kama jina lake halitaandikwa tena, mimi ndiye niliyemleta, mtasema nini juu yangu? Akasema, "Wewe huna neno, Gavrila. Wewe tunakujua." Nilitoka pale nikatembea mpaka kwenye reli na kurudi, mara sijui ngapi. Nilifurahi aliposema vile, halafu nikajichukia kwa kufurahi.

Alhamisi, 7 Mei

Mungu ni shahidi sikudhani watakuja. Hakuna televisheni, waje kufanya nini? Lakini saa mbili kasorobo, tukiwa bado tunaosha, Gerti akaingia na mto wake. Kisha Pfandler na chupa ya mvinyo. Kisha wengine. Mazoea yaliwaleta. Erwin akaanza kupanga viti, na vyote akavielekeza kwenye rafu tupu.

"Sasa tutatazama nini?" Gerti akauliza.

"Ukuta," Bibi Poldi akasema. "Ukuta haubadilishi sikio."

Wakacheka kwa shida. Wakanywa. Wakakaa wakitazama ule ubao mweupe wenye alama ya vumbi mahali televisheni ilipokuwa. Simion alikuwa kwenye beseni la mwisho, amewapa mgongo. Alikuwa ameshafunga begi.

"Wiki iliyopita," Gerti akaanza, maana hawezi kunyamaza, "yule wa keki nilimjua tangu alipobisha hodi."

"Wote tulimjua," Pfandler akasema. "Huwa ni mpole. Anawaletea polisi kahawa, anawafungulia mlango."

"Anawapa mawazo," mtu mwingine akaongeza. "'Mmejaribu kutafuta kule, Inspekta?' Ndiye huyo huyo!"

"Kabisa! Anayejitia kusaidia."

Walikuwa wamechangamka sasa, kama Alhamisi nyingine yoyote. Bibi Poldi alikuwa anamenya. Maganda yalikuwa yanaanguka kwenye beseni, moja, moja.

"Wazo la kumleta Burschi," akasema, "lilikuwa la nani?"

Hakumtazama mtu. Lakini vichwa vyote viligeuka, kimoja kimoja, mpaka vikafika kwa Erwin. Alikuwa amesimama na kiti mikononi, cha mwisho. Akakiweka chini polepole, kama kimejaa maji.

"Iko kwenye bwawa la machimbo ya kokoto," akasema.

Bibi Poldi akaendelea kumenya.

"Tulitaka kuiweka juu ya paa la kituo cha basi. Na kiti mbele yake. Watu waamke, wacheke. Ngazi iliteleza. Ilipasuka vipande vipande. Nikawaambia wenzangu tuitupe, nitanunua nyingine kabla mama mkwe hajajua. Halafu saa saba ilipofika watu wakaanza kusema wezi, wezi..."

"Na mbwa?" Bibi Poldi akauliza.

"Mbwa nilidhani atakwenda kulala! Burschi hajawahi kumaliza jambo maishani mwake. Nilidhani watu watacheka, na hadithi itaisha."

"Na alipoketi?"

Erwin alifuta uso kwa mkono. "Nikaona imeisha."

Nilikuwa namtafsiria Simion neno kwa neno, nimesimama karibu na bega lake. Mpaka pale alikuwa anaendelea kuosha. Nilipofika kwenye hilo la mwisho mikono yake ilisimama ndani ya maji.

Mimi nilimtazama Erwin, mtu aliyenifundisha kusema mkate, maji, kisu, ngazi. Nilitafuta hasira nikapata uchovu tu. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kumfanya.

Bosi alikuwa mlangoni, kreti mkononi. Sijui alikuwepo tangu lini. Alimtazama shemeji yake, kisha akamtazama wangu. Akakohoa.

"Mwambie kesho saa kumi na moja alfajiri," akaniambia. "Matuta ya upande wa reli. Yamefura."

Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake. Niliitafsiri hivyo hivyo, sikuongeza chumvi. Simion akafuta mikono kwenye suruali.

"Mwambie tiketi imeshakatwa," akasema.

Jumamosi, 9 Mei

Ameondoka. Jana aliwahi matuta ya upande wa reli, akakata siku nzima kuliko mtu yeyote, usiku akalala fofofo. Mimi ndiye niliyekesha.

Asubuhi nilimsindikiza kituoni. Nilimshika begi, sikutaka kuliachia.

"Shemeji, usiwe mtoto. Umeshasafishwa mbele ya watu wote. Kaa. Fikiria paa."

"Nimelifikiria."

"Nitamwambia nini Anuța? Kwamba nilikuleta, nikakuacha urudi mikono mitupu?"

"Mimi ndiye nitakayemwambia. Wewe kaa, una watoto." Alikuwa ametulia, na mimi ndiye niliyekuwa nahema. "Hebu nikuulize. Kwenye kile kipindi chao, yule wa kwanza, wakishamwachia, huwa anakwenda wapi?"

Nilifikiri. Alhamisi zote zile, na sikujua. "Hawaonyeshi," nikasema.

"Hawaonyeshi. Anakwenda nyumbani."

Basi likaja. Kabla ya kutoka alimwachia Bibi Poldi nyama yote ya moshi iliyobaki. Kwa Burschi, alisema, si kwa mtu.

Jumatatu, 11 Mei

Nimepewa matuta ya Simion juu ya yangu. Nimeyachukua. Naandika hivyo ilivyo: nimeyachukua.

Alhamisi, 14 Mei

Erwin ameleta televisheni mpya, kubwa kuliko ile. Watu wakaja. Hektor akakimbia, akaruka dirisha, akafungua mlango kwa meno. Saa mbili na dakika ishirini na tano wakamleta mtu wa kwanza, kijana wa gereji. Gerti, ambaye huwa ana neno hata juu ya mapazia, hakusema kitu. Pfandler alitazama viatu vyake. Nilihesabu pumzi mpaka yule kijana alipoachiwa, na mlango ukafungwa nyuma yake, na kamera ikabaki na mbwa.

"Wewe unaonaje, Gavrila?" Bibi Poldi akaniuliza.

"Nataka kuona amefikaje kwake," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Siku hizi hata mimi."

Jumanne, 19 Mei

Mvua. Hakuna kazi. Nimetembea mpaka kijiji cha pili na kurudi bila haja yoyote.

Jumapili, 31 Mei

Erwin alikuja chumbani. Alikaa kwenye kitanda cha Simion, akatambua ni cha nani, akahamia kwenye kiti. Akasema atalipia paa, anataka nimpelekee Simion pesa. Nikamwambia ampelekee mwenyewe. "Maramureș?" akauliza, kama nimemtaja mwezi. Nikasema basi lipo, linakwenda pande zote mbili. Hakurudi tena. Sikumchukia, lakini viti Alhamisi sasa napanga mimi.

Alhamisi, 4 Juni

Joto kali. Sikwenda kumtazama Hektor. Nilisikia kupitia ukuta Pfandler akibishana kwamba mbwa hawezi kuendesha lifti.

Jumatatu, 15 Juni

Mgongo. Mgongo. Mgongo.

Jumatano, 24 Juni

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Leo kisu kinawekwa chini. Baada ya siku hii hakuna anayekata asparaga hata kama iko pale inamchungulia. Mmea unaachwa upumzike uwe na nguvu mwakani. Ingekuwa vizuri kama na watu wangekuwa na mtakatifu wao.

Saa kumi jioni Bosi aliniita jikoni. Bibi Poldi alikuwepo, kisu chake kimepumzika pia. Karatasi ya majina ya mwakani ilikuwa mezani.

"Wewe nakuandika," Bosi akasema. "Na shemeji yako nataka kumwandika."

"Muulize."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi nilimsemea mara moja," nikasema. "Ulipofika wakati wa kunisikiliza ukasema mimi ni shemeji tu. Sasa muulize yeye. Na langu usiliandike mpaka yeye amejibu. Akija, nakuja. Asipokuja, tafuta wawili." Nilisema bila kupumua. Sikujua nitasema hivyo mpaka nilipolisikia. Nilifikiria watoto wangu, nikaliacha lilivyo.

Bosi alimtazama mama yake. Bibi Poldi akasukuma simu kwenye meza mpaka ikamgonga mkono.

Nilimpa namba ya duka la kijijini kwetu. Walikwenda kumwita Simion, na sisi tukangoja pale jikoni, simu wazi, Bosi ameibana sikioni akisikiliza kuku wa Maramureș. Jasho lilikuwa linamtoka kuliko shambani. Simion alipofika nilimsikia hata mimi nilipokuwa: "Nani?"

Bosi alikuwa amejifunza maneno mawili ya Kiromania kutoka kwangu dakika ile ile. Aliyasema vibaya, lakini ndiyo yenyewe: nisamehe. Kisha akaendelea kwa Kijerumani, kwamba mwakani, kwamba matuta ya upande wa reli, kwamba hakuna mwingine anayeyajua yale matuta. Upande wa pili wakasikika kuku tu. Bosi akanipa simu, mkono umelowa.

"Shemeji," Simion akasema. "Mwambie nimesikia."

"Ndiyo au hapana?"

"Sijibu kwenye simu. Jibu nitakupa wewe, uso kwa uso, tukiwa tumekaa. Unakuja lini?"

Nikamwambia, nami naandika hapa nisibadilike. Basi linaondoka kesho Alhamisi saa mbili usiku, wakati wao wanapanga viti. Nitashuka njia panda Ijumaa, tarehe ishirini na sita, jua likielekea kuzama, na kwanza nitapita kwa Simion kabla sijafika kwangu.